Kupunguza uzito wa picha kwa kubadilisha fomati: mwongozo kamili kwa wauzaji, wanafunzi na wenye tovuti

Biashara nyingi za Nairobi siku hizi huanzia kwenye picha. Muuza leso wa Biashara Street, muuza viatu vya mitumba wa Gikomba, fundi wa samani wa Ngong Road, wote wanaonyesha mzigo kwa simu kabla mteja hajaushika. Na mteja mwenyewe mara nyingi yuko ndani ya matatu, bando lake ni la siku moja, na mtandao unakatikakatika. Ukimwekea picha 20 za MB 4 kila moja, unamtaka atumie MB 80 kutazama duka lako tu. Picha hizo hizo ukiziandaa vizuri zikafika KB 250 kila moja, ni MB 5. Naamini kabisa kwamba mauzo mengi hupotelea hapo, mteja akisubiri picha ifunguke mpaka achoke.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nibadilishe picha iwe fomati gani, yaani aina gani ya faili kama JPEG au PNG, ili ipungue? Ni swali zuri, lakini lina lingine la kulitangulia. Uliza kwanza picha ina pikseli ngapi, yaani vile vinukta vidogo vya rangi vinavyoijenga, na itatazamwa wapi. Ukilijibu hilo, fomati inakuwa rahisi kuchagua.

Unapunguza nini hasa

Picha ina ukubwa wa namna mbili. Kuna vipimo, yaani pikseli kwa upana na kwa urefu, na kuna uzito wa faili, yaani KB au MB. Kamera ya simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Kila pikseli inahitaji baiti tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, kwa hiyo picha hiyo ikiwa haijabanwa ni MB 36. Ukiikuta na MB 4 kwenye simu yako, jua kamera ilishaibana kabla ya kuihifadhi.

Kubana nako kuna njia mbili. Ya kwanza haipotezi chochote: faili hupungua, lakini ukiifungua kila pikseli iko vilevile ilivyokuwa. PNG hufanya hivyo. Ya pili hutupa sehemu ya taarifa ili ipungue zaidi, na kilichotupwa hakirudi. JPEG, ambayo kiwango chake kilitoka mwaka 1992, huigawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, kisha ndani ya kila kijisanduku hutupa mabadiliko madogo madogo ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi. Tena hutupa taarifa za rangi zaidi kuliko za mwanga, kwa kuwa jicho la binadamu ni kali zaidi kwa mwanga. Hilo la rangi nitalirudia tukifika kwenye leso, maana ndipo linapoumiza.

Kwa sababu kilichotupwa hakirudi, kubadilisha JPEG iliyoharibika kuwa PNG hakuisafishi. Unapata picha ile ile yenye madoa yale yale, ila sasa ni nzito mara kadhaa. Na kufuta .png mwishoni mwa jina la faili ukaandika .jpg si kubadilisha fomati. Umebadilisha jina, ndani kila kitu kiko kama kilivyokuwa, na tovuti inayokagua faili itaikataa.

Hatua ya kwanza: tenga picha asili

Fungua folda mbili, moja uiite asili na nyingine tayari. Picha iliyotoka kwenye kamera inakaa kwenye asili wala haiguswi. Kila nakala ndogo unayoihitaji, itoe kwenye asili moja kwa moja, usiitoe kwenye nakala nyingine ndogo. JPEG inayofunguliwa, ikahaririwa na kuhifadhiwa tena na tena hupoteza kidogo kila mara. Na picha uliyotumiwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshapunguzwa na kubanwa huko njiani, kwa hiyo ukitaka asili ya mwenzako mwambie aitume kama dokumenti.

Hatua ya pili: punguza vipimo

Hapa ndipo uzito mwingi unapoondoka, kabla hata hujafikiria fomati. Skrini za simu nyingi zina upana wa pikseli 720 au 1080. Picha ya upana wa 4000 ikionyeshwa hapo, simu inaipakua yote halafu inaifinya ili iingie. Ukiishusha kutoka 4000 kwa 3000 hadi 1600 kwa 1200, unatoka pikseli milioni 12 hadi milioni 1.92, yaani umeigawanya kwa zaidi ya sita, na mteja bado anaweza kuivuta kidogo aone mshono.

Kwa picha za bidhaa kwenye tovuti, mimi huweka upande mrefu uwe 1600. Vijipicha vya kwenye orodha vinatosha 400 hadi 600. Kitu kimoja usikifanye: kuikuza picha ndogo iwe kubwa. Haiongezi chochote cha kuonekana, inaongeza uzito tu.

Hatua ya tatu: chagua fomati kwa kuangalia kilichomo ndani ya picha

Ikiwa picha imetoka kwenye kamera, iwe ya mtu, chakula, nguo au nyumba, chaguo ni JPEG au WebP. WebP ilitolewa na Google mwaka 2010, na kwa vipimo vya Google wenyewe huwa nyepesi kwa asilimia 25 hadi 34 kuliko JPEG ya ubora unaolingana nayo. Safari, kivinjari cha Apple, ilianza kuifungua mwaka 2020, na tangu hapo vivinjari vyote vikubwa vinaisoma. Kwa tovuti ya duka, tumia WebP. Kwa picha utakayoituma kwa mtu usiyejua ataifungulia wapi, au kwa fomu ya maombi, tumia JPEG, kwani hakuna kifaa kinachoikataa.

AVIF ya mwaka 2019 mara nyingi hupungua kuliko WebP, lakini inachukua muda zaidi kutengenezwa na simu za zamani haziijui. Safari iliikubali mwaka 2022 tu. Itumie kama mwenye kukujengea tovuti anaweza kuweka fomati mbadala kwa ajili ya wenye simu za zamani, hivi:

`<picture>`
`<source srcset="leso.avif" type="image/avif">`
`<source srcset="leso.webp" type="image/webp">`
`<img src="leso.jpg" alt="Leso nyekundu" width="1600" height="1200">`
`</picture>`

Kivinjari husoma kuanzia juu na kuchukua ya kwanza inayoielewa. Vipimo kwenye mstari wa img usiviache. Vikikosekana, ukurasa unaruka picha inapoingia, na mteja anajikuta amebonyeza kitu ambacho hakukikusudia.

Nembo, michoro yenye rangi chache na picha za skrini zinataka PNG, au WebP isiyopoteza. PNG ilikuja mwaka 1996, na nguvu yake ni kwenye maeneo makubwa ya rangi moja na kingo kali za herufi. Pia hubeba uwazi, ile sehemu isiyo na rangi nyuma ya nembo. Ukiigeuza nembo ya namna hiyo kuwa JPEG, uwazi unapotea na nyuma panajaa nyeusi au nyeupe. Kama nembo ilichorwa na mtaalamu, mwombe SVG. Hiyo haina pikseli, ni maelezo ya mistari, na mara nyingi huwa na KB chache sana hata ikitandazwa kwenye bango.

Picha ya kamera ndani ya PNG ni kosa ninalokutana nalo kila mara. PNG italazimika kutunza kila chembechembe ndogo ambayo kamera huitia kwenye picha, na faili itakuwa nzito mara nyingi kuliko JPEG bila jicho kuona tofauti. Ukikuta picha ya kiatu yenye MB 15, angalia mwisho wa jina lake, huenda ni PNG.

HEIC ndiyo fomati ambayo iPhone hutumia tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Ni nyepesi na nzuri, ila tovuti nyingi za maombi na programu za zamani za Windows haziifungui. Ukitaka simu ipige JPEG tangu mwanzo, ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, uchague Most Compatible. Picha zitachukua nafasi zaidi kwenye simu, kwa hiyo mimi ningeacha HEIC ya kutunza kumbukumbu na kubadilisha zile za kutuma tu. Kuanzia iOS 16, hifadhi picha kwenye programu ya Files, ibonyeze bila kuachia, kisha Quick Actions, kisha Convert Image. Itakuuliza fomati na ukubwa hapo hapo.

GIF ya picha tuli achana nayo, haibebi zaidi ya rangi 256.

Kuna picha moja inayowachanganya wengi: cheti au kitambulisho. Kina maandishi, basi mtu anadhani ni kazi ya PNG. Inategemea kimefikaje kwenye simu. Picha ya skrini ya ujumbe wa M-Pesa ina nyeupe tupu na herufi safi, PNG inaibana vizuri sana. Lakini cheti ulichokipiga picha kwa simu juu ya meza hakina nyeupe tupu. Kina vivuli, chembechembe na weupe wa aina mia, na kwa PNG ni picha ya kamera kama nyingine yoyote. Hicho kiweke kwenye JPEG, ubora 80 au juu kidogo ili herufi ndogo zisomeke. Ikiwa rangi hazina maana, kigeuze kiwe cha kijivu kwanza, kitapungua zaidi.

Hatua ya nne: ifanye kazi kwenye kivinjari

Kwa mtu mwenye picha chache, napendekeza squoosh.app, ya Google. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, kwenye simu na kwenye kompyuta, na picha haitoki kwenye kifaa chako. Ikishapakia mara ya kwanza inaweza kutumika hata bila mtandao.

Ifungue, weka picha. Utaona mstari katikati: upande mmoja ni asili, upande wa pili ni nakala iliyobanwa. Washa Resize uandike upana unaotaka, 1600 kwa mfano, na urefu utajirekebisha wenyewe. Kisha chagua WebP, au MozJPEG ukitaka JPEG. Weka ubora 75 kama mahali pa kuanzia, usome uzito mpya unaoandikwa pale chini. Sasa sogeza ule mstari huku na huku ukiwa umeikuza picha, ukitazama nyuso, herufi na mahali rangi mbili zinapokutana. Kama huoni tofauti, shuka hadi 70. Ukianza kuona vijisanduku angani au ukungu kuzunguka herufi, panda tena. Ukiridhika, pakua, uweke kwenye folda ya tayari.

Namba ya ubora si asilimia ya uzuri, wala 80 ya JPEG si sawa na 80 ya WebP. Kila fomati ina mizani yake. Kwa JPEG, kutoka 100 kushuka hadi 90 peke yake hupunguza uzito sana bila jicho kugundua, na ndiyo maana kuhifadhi kwa 100 ni kupoteza bando la watu.

Zipo tovuti nyingi za kubadilisha fomati ambazo kwanza huipeleka picha kwenye seva yao. Kwa picha ya sufuria hakuna neno. Kwa kitambulisho, pasipoti, cheti au picha ya mtoto, usifanye hivyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini picha uliyoipandisha mwenyewe kwenye seva ya mtu usiyemjua ni vigumu kuirudisha. Na ukifanyia kazi hii kwenye saiba, futa faili kwenye folda ya vipakuliwa na kwenye pipa la taka kabla hujalipa na kuondoka.

Leso nyekundu

Chukua leso nyekundu yenye maandishi meusi na pindo la vidoa vyeupe, uipige picha mchana mlangoni pa duka. Ibane kwa JPEG ya kawaida, kisha ikuze mara mbili utazame maandishi. Vitambaa vya rangi nyingine vitakuwa sawa, lakini kwenye nyekundu hii utaona rangi imevuja: kingo za herufi zina ukungu wa wekundu, na vile vidoa vyeupe vimekuwa vya waridi. Kupandisha ubora kutoka 75 hadi 85 huenda kusisaidie sana.

Sababu ni ile ya rangi na mwanga. Kwa kawaida JPEG hutunza mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huitunza mara moja tu kwa kila pikseli nne. Kwenye uso wa mtu hakuna anayegundua. Kwenye nyekundu kali iliyogusana na nyeusi au nyeupe, rangi moja inagawiwa kwa pikseli ambazo hazikustahili, na ukingo unachafuka. Tiba ni kuiambia programu itunze rangi ya kila pikseli. Kwa ImageMagick, programu ya bure ya Windows, Mac na Linux inayotumika kwa kuandika amri kwenye dirisha la amri (Command Prompt au Terminal), ni hivi:

`magick leso.jpg -auto-orient -resize "1600x1600>" -sampling-factor 4:4:4 -quality 80 leso-duka.jpg`

Ile 4:4:4 ndiyo dawa yenyewe. Alama ya > ndani ya nukuu inazuia picha iliyo ndogo tayari isikuzwe. Faili itaongezeka uzito kidogo, na kwa muuza vitambaa hiyo ni bei ya kulipa bila kusita, maana mteja ananunua hiyo rangi.

WebP inayopoteza haina nafasi ya 4:4:4. Ila programu ya cwebp, ya Google pia, ina namna ya kukokotoa rangi kwa uangalifu zaidi:

`magick leso.jpg -auto-orient -resize "1600x1600>" leso-kati.png`
`cwebp -q 80 -sharp_yuv -metadata icc leso-kati.png -o leso.webp`

Nimepitia PNG katikati kwa makusudi. Haipotezi kitu, kwa hiyo picha inabanwa mara moja tu, mwishoni. Tena cwebp haigeuzi picha iliyopigwa simu ikiwa wima, inaweza kutoka imelala ubavu, lakini -auto-orient imeshaisimamisha.

Picha nyingi kwa mpigo

Ukiwa na folda nzima ya mzigo mpya, usikae ukiingiza moja moja. Fungua folda ya asili kwenye dirisha la amri. Folda ya tayari iwe ipo, kandokando yake, kisha:

`magick mogrify -path ../tayari -auto-orient -resize "1600x1600>" -quality 80 -format webp *.jpg`

Angalia sana hiyo -path. Amri ya mogrify ukiiacha bila folda ya kupeleka na bila fomati mpya, inaandika juu ya picha zako asili, na hazirudi. Asiyependa kuandika amri atumie XnConvert, ambayo kwa matumizi binafsi ni ya bure. Unaburuta picha zote, unaongeza kitendo cha kupunguza vipimo, unachagua fomati, unabonyeza.

Tovuti inapokutaka usizidi KB fulani

Fomu za maombi ya shule, mkopo wa masomo na kazi huweka kikomo cha KB, na pengine cha vipimo pia. Soma vyote viwili kwanza, pamoja na fomati wanazokubali. Watu wengi hushusha ubora mpaka uso hautambuliki, na vipimo bado ni 4000. Fanya kinyume: shusha vipimo kwanza, halafu iache programu itafute ubora unaoingia kwenye kikomo:

`magick picha.jpg -auto-orient -resize "600x600>" -define jpeg:extent=100kb picha-maombi.jpg`

Weka namba za fomu yako badala ya hizo. Acha nafasi kidogo: kikomo kikiwa KB 100, lenga 95, kwani wengine huhesabu KB kuwa baiti 1000 na wengine 1024.

Kilichofichwa ndani ya picha

Picha ya simu hubeba tarehe, aina ya simu na, kama huduma ya mahali imewashwa, mahali penyewe ilipopigwa. Anayeuza akiwa nyumbani, picha ya viatu juu ya kochi inaweza kumwambia mgeni anapoishi. Ukiongeza `+profile exif` kwenye amri, taarifa hizo zinaondoka. Wengi hutumia `-strip`, ambayo hufuta kila kitu, pamoja na maelezo ya rangi. Picha za iPhone huwa na wigo mpana wa rangi, na maelezo hayo yakifutwa rangi hufifia. Kwa muuza nguo hilo si jambo dogo.

Wakati wa kutobana

Picha ikienda kuchapishwa River Road, sahau karibu yote niliyosema. Kipeperushi cha A5 kwa pikseli 300 kwa inchi kinahitaji pikseli 1748 kwa 2480, na bango linahitaji asili nzima. Mpelekee fundi faili kutoka folda ya asili, JPEG au PDF ya ubora wa juu, kwa flashi au kama dokumenti. Usimpelekee WebP bila kumuuliza. Programu anayotumia huenda isiifungue, naye atapiga picha ya skrini na kuchapisha hiyo.